Njia ya Kwenda Nyumba ya Bibi Perpetua

Panafikika. Hilo ndilo neno lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyezoea usukani. Mtalikuta kwenye kila tangazo la nyumba na viwanja siku hizi, mwishoni kabisa, baada ya picha ya vilima na maneno ya hewa safi: "Panafikika kwa gari mwaka mzima." Nami nauliza, panafikika na nani? Kwa gari gani? Na ni mwaka gani huo usiokuwa na mwezi wa nne?

Ninyi vijana mnaoendesha magari ya kukodi kati ya Kigoma, Kasulu na Kibondo, nawaandikia ninyi kwanza. Na ninyi mlio ng'ambo, mnaotafuta kanyumba ka kupumzikia huku kwenu kila mkipata likizo, someni pia, maana nusu ya hasira hii ni kwa ajili yenu. Nusu nyingine ni juu yangu mwenyewe, nitaifikia.

Naitwa Skolastika, lakini ukiuliza jina hilo mjini Kasulu utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Mama Egidi dereva. Nimeendesha Land Rover ya misheni, nimeendesha magari ya mashirika pale kambini Nduta, na mwisho nikaendesha gari langu mwenyewe, Land Cruiser kuukuu iliyokuwa na kelele kuliko kwaya ya vijana. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha nawaambia ni magoti. Magoti yanauma kweli, lakini hayakunistaafisha. Nilistaafu kwa sababu ya safari moja.

Kabla sijaisema hiyo, acheni niwataje walionifundisha, ili mjue kwamba sikukosea kwa kutojua.

Wa kwanza ni Mzee Ruhaga, dereva wa misheni, mtu mfupi aliyekalia mto wa kitanda ili aone mbele. Mimi nilikuwa mpishi wa mapadri. Siku moja nilitumwa kufuta viti vya gari, nikashika ufunguo kwa udadisi, gari likaguruma na kuruka kama mbuzi. Nilijua nimefukuzwa kazi. Mzee Ruhaga akaja polepole, akaegemea mlango, akasema, "Umeshaliwasha. Sasa lizime bila kuliua." Toka siku hiyo akanifundisha. Walipomuuliza kwa nini anamfundisha mwanamke, alijibu kwamba gari lenyewe halijauliza.

Hakunifundisha kilomita. "Kilomita ni za serikali," alisema. "Wewe uliza mto." Kila tulipotumwa mahali pageni alisimama kwenye nyumba ya mwisho kabla ya bonde, akashuka, akasalimia kwa Kiha, akakubali kuketi, kisha akauliza mambo matatu. Mvua ya mwisho ilinyesha lini huko juu mlimani, si hapa. Gari la mwisho kupita lilikuwa la aina gani. Na je, lilirudi?

Hilo la tatu ndilo madereva hulisahau. Gari kupita si habari. Habari ni gari kurudi.

Nililisahau mwaka wangu wa kwanza wa leseni. Nilipewa bwana harusi nimpeleke Gwarama kwa wakwe zake, suti ya rangi ya maziwa, ua kifuani. Nikaambiwa pale bondeni kwamba lori limepita asubuhi. Nikaingia kwa mbwembwe. Lori lenyewe tulilikuta katikati ya tope limezama hadi kwenye ekseli, wenyewe wamekaa juu yake wanakula mahindi ya kuchoma. Bwana harusi alifika kanisani kwa miguu akiwa wa rangi mbili, maziwa juu, udongo chini. Bibi harusi alicheka mpaka akashindwa kusema "nakubali," padri akangoja. Ndoa hiyo ipo hadi leo, lakini yule bwana hajawahi tena kupanda gari langu.

Wa pili kunifundisha alikuwa fundi Mkongo wa kambini Nyarugusu, tuliyemwita Papa Aime, aliyeziba mipira ya magari na kusema ukweli bila kupunguza. Aliniona siku moja nabishana na bosi wa shirika aliyetaka tuondoke wakati wingu limeshuka mpaka kwenye mabati. Bosi alikuwa anashinda. Papa Aime akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama shofere, unapashwa kuogopa barabara. Mutu ule unabeba, hapana kumuogopa." Nikazima gari. Bosi akanuna. Jioni tukasikia gari jingine limelala mtoni.

Kwa hiyo nilikuwa na elimu. Sasa sikilizeni nilivyoitumia.

Kulikuwa na dalali Kibondo, nitamwita Jovini. Kijana mtanashati, sauti ya redio, viatu vyeupe hata kwenye vumbi la kiangazi, sijui alivisafisha na nini. Mwezi wa nane alinijia. "Mama yangu," akasema, "kesho utaonekana Kanada. Nina mteja anataka kuona nyumba kwa simu, ya likizo, iko upande wa Murungu. Nataka aone gari linaondoka Kibondo mjini mpaka linasimama mlangoni, bila kukata."

Nilivaa kitenge changu kizuri. Nasema hili ili mjue moyo wangu ulikuwa wapi.

Tulikwenda kwa dakika ishirini na tano. Udongo ule mwekundu mwezi wa nane ni mgumu kama sakafu. Kuna kijito bondeni kinaitwa Nyarubanga, chenye daraja la magogo. Siku ile kilikuwa chembamba kiasi kwamba kuku angevuka bila kulowa kucha. Tukapanda kilima, nyumba ile pale, bati la kijani, veranda pana, aliijenga mfanyabiashara mmoja kisha akahamia mjini. Ukisimama verandani unaona mashamba ya mihogo na migomba yameshuka mpaka chini. Nzuri. Siwezi kusema haikuwa nzuri.

Jovini akanisogezea simu. Ndani yake alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta, nyuma yake dirisha la nchi ya watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi naitwa Dafroza. Mama, naomba nikuulize wewe. Mama yangu ni mzee, hatembei tena, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Alilima hapo chini miaka mingi, na baba yangu amezikwa hapo hapo mteremkoni. Nataka nimlete kila mwaka akae kidogo karibu naye. Gari linafika hadi mlangoni?"

"Si unaona nimefika?"

"Naona. Na wakati wa mvua?"

Sasa hapo, wajukuu zangu. Mzee Ruhaga alikuwa ameshakufa lakini nilimsikia akikohoa. Jovini alikuwa amesimama pembeni ananitazama. Hakunikonyeza, hakunipa kitu, msije mkadhani nilihongwa. Nilichohongwa nacho kilikuwa sifa. Mwanamke wa Kanada ananiuliza mimi, nikiwa na kitenge changu, mbele ya watu, kama ninaweza kufika.

Nikasema, "Mwanangu, njia hizi nimeziendesha tangu wewe unanyonya. Mimi nafika. Mvua, jua, mimi nafika."

Aliniuliza barabara, nikajibu udereva. Kila neno nililosema lilikuwa kweli na jibu lote lilikuwa uongo.

Dafroza alinunua. Alikuwa bado na pasipoti yetu, maana wazazi wake walipewa uraia huku zamani, kwa hiyo upande wa ardhi hakukuwa na kikwazo. Ninyi mliokwisha kubadili uraia sheria yenu ni nyingine, waulizeni wanasheria, mimi ni dereva. Lakini hili la kwangu nitalisema. Mnaponunua nyumba mbali, mnatumiwa picha za choo, jiko, mabati, hati, muhuri. Hakuna anayewatumia picha ya daraja. Mnalala mkijua rangi ya vigae na hamjui jina la mto. Mwambieni dalali arekodi mwezi wa nne. Akisema mwezi wa nne simu yake ina tatizo, mmeshapata jibu.

Walikuja Pasaka. Ndiyo likizo Dafroza aliyopewa, yeye ni muuguzi huko, hachagui. Jovini alimwambia kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma hadi nyumbani ni saa mbili na nusu. Labda kwa kunguru. Siku hizi lami ipo na nashukuru, nimekula vumbi la barabara ile nusu ya maisha yangu. Lakini ukiwa na mzee wa kusimama kila baada ya muda, hesabu saa nne na uwe na adabu.

Dereva waliyemkodi ni mimi, nikawa uwanjani mapema. Ndege ikatua, watu wakashuka, nami nikatazama nione kiti cha magurudumu. Hakikuja. Ndege za huku ni ndogo, mizigo inapimwa, na siku hiyo kilibaki Dar na sanduku kubwa, eti kitafuata. Bibi Perpetua, ndilo jina la mama yake, aliteremshwa kwenye ngazi na wabeba mizigo wawili, mmoja kila kwapa. Alikuwa mdogo, amevaa koti zito la baridi katika joto la Kigoma, na alikuwa anatabasamu kwa kila mtu. "Amahoro," akanisalimu. Nikamwitikia. Akanishika uso kwa mikono yote miwili kama ananijua.

Vijana, kiti cha mgonjwa hakitajwi siku ya safari. Kinatajwa siku ya kukata tiketi, na dereva apige simu kuuliza kama kimeandikwa. Mimi sikupiga. Dawa zake Dafroza alizibeba kwenye mkoba wake mwenyewe, hilo mwigeni. Na msimpangie mzee safari ya gari siku ile ile ya ndege. Ndege ikichelewa, mtaendesha kwa haraka, na haraka ndiyo iliyojaza makaburi ya barabara hii.

Njiani kuna kizuizi cha ukaguzi, mnakijua, huku ni mpakani na kambi ziko karibu. Askari kijana akachukua pasipoti, akazisoma vizuri, akawasalimia. Akasikia Kiswahili cha Bibi Perpetua, kile chenye Kirundi ndani yake.

"Mama, nyumbani ni wapi?"

"Murungu."

"Na kabla ya Murungu?"

"Kabla ya Murungu nilikuwa nakimbia."

Yule kijana alirudisha pasipoti kwa mikono miwili, akafungua njia.

Kasulu tulisimama kula. Naijua nyumba moja ya wageni yenye choo cha kukaa, safi, mlango mpana. Msicheke. Dereva asiyejua vyoo vya njiani hajui njia. Dafroza na mimi tulimbeba mama yake ndani na kumtoa, kisha tukala ugali wa muhogo na migebuka, na Bibi Perpetua akalia kidogo kwa ajili ya samaki, akasema ng'ambo wanauza samaki wasio na vichwa.

Nilikuwa nimeuliza madereva pale nje. Mvua ilikuwa inanyesha Kibondo karibu kila siku. Nilijua.

"Dafroza mwanangu," nikasema, "leo tulale hapa. Kesho tupige simu tujue hali."

"Hali ya nini, mama?"

"Kuna matope kidogo huko chini."

Kidogo. Nilikuwa na midomo miwili siku hiyo na yote ilikuwa mioga.

Akampigia Jovini, akaweka sauti ya wazi. "Dada, barabara iko poa kabisa," Jovini akasema. "Watu wameshafika, chai iko jikoni, wanamsubiri bibi." Dafroza akanitazama. Alikuwa na siku kumi na mbili tu, mbili zilikuwa zimeshaliwa na ndege. Bibi Perpetua alikuwa ameshavaa koti lake.

Nilikuwa bado na nafasi ya kusema neno moja, daraja. Nikawasha gari.

Tulifika Nyarubanga saa kumi za jioni, jua likiwa bado lipo nyuma ya mawingu. Jovini alikuwa amesimama njiani na wanaume wanne. Viatu vyeupe hakuvaa. Alivaa gambuti mpaka magotini. Vijana, mkimwona mtu anawaambia barabara ni nzuri huku amevaa gambuti, yaaminini yale gambuti.

Maji yalikuwa yamefunika magogo. Si mengi, mtu mzima mwenye miguu angevuka kwa kushikana mkono na mwenzake. Lakini gogo moja lilikuwa limeondoka kabisa, pengo lake unaliona kwa jinsi maji yalivyozunguka. Hapo gari halipiti, awe anaendesha Mama Egidi au malaika. Nikashuka.

"Daraja limezama tangu lini?"

"Wiki mbili, mama. Lakini maji yalikuwa yanapungua."

"Mbona hukusema?"

Jovini akanitazama bila aibu hata kidogo. "Na wewe mama mbona hukusema? Mwenyeji wa barabara ni wewe. Mimi nauza nyumba."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka, naapa. Ukabaki hewani kwa sababu hakuwa amesema uongo.

Kumbe alikuwa na mpango wake. Wale wanaume wanne walikuja na ngobyi, ile machela yetu ya kusuka yenye miti miwili, inayobebwa mabegani. Wazee wetu wote wamefikishwa hospitali kwa ngobyi, na wote wamefikishwa makaburini kwa ngobyi. Na kitambaa cha kumfungia mtoto mgongoni nacho tunakiita hivyo hivyo, ngobyi. Waliiweka chini kwenye tope karibu na mlango wa gari, wakaitandika blanketi, kwa heshima kabisa. Walikuwa watu wema. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yake wa zamani, akamwita "mama."

Bibi Perpetua aliitazama ile machela kupitia kioo. Kisha akatazama juu ya kilima. Bati la kijani lilionekana vizuri sana kutoka pale, na chini yake ule mteremko.

"Mama," Dafroza akasema, "ni dakika chache tu. Wanajua kubeba."

"Ngobyi ni ya mtoto na ya maiti," mama yake akasema. "Mimi si mtoto. Na hicho kingine bado."

"Mama, tumetoka mbali."

"Mimi nilitoka Burundi na wewe mgongoni, kwa miguu yangu. Nikafika hapa kwa miguu yangu. Sipiti mbele ya baba yako nimelazwa chali, watu wakimwambia mke wako huyo analetwa." Akageuza uso. "Turudini."

Hakupaza sauti. Wale wanaume wakaikunja ngobyi yao wakaondoka wameinamisha vichwa, kana kwamba ni wao waliokosa.

Tukarudi Kibondo mjini. Nikawatafutia chumba cha chini, kisicho na ngazi. Dirisha lake lilitazama ukuta wa kituo cha mafuta. Mwanamke amevuka bahari kuja likizo, ana nyumba ya veranda pana, na anashinda anatazama ukuta wenye tangazo la vilainishi. Hiyo ndiyo likizo tuliyomuuzia.

Mvua haikuacha. Siku ya tatu Dafroza akataka aione nyumba mwenyewe. Nilimwacha mama yake na mwenye nyumba ya wageni, nikampeleka hadi mwisho wa njia ya gari, tukaenda kwa miguu. Kuna kivuko cha waenda kwa miguu huko juu, unazunguka sana. Tulianguka mara kadhaa. Hakulalamika hata mara moja, na ingekuwa afadhali angelalamika.

Tulipofika niliona kitu ambacho mwezi wa nane hakikuwepo. Dafroza alikuwa ametuma watu wajenge mteremko wa saruji kwenye mlango wa mbele, wa kupandishia kiti cha magurudumu. Umesakafiwa vizuri, una kingo pande zote mbili, umepigwa mistari ili tairi zisiteleze. Mteremko mzuri kuliko barabara yoyote ya wilaya. Unaanzia kwenye nyasi.

Dafroza akakaa juu yake na viatu vyake vya tope. Nami nikakaa nyasini.

"Nilijua," nikamwambia. "Toka siku ile ya simu. Mwezi wa nne pale hapapitiki. Nilijua na nikakujibu vile."

Nilikuwa nangoja anitukane. Au aseme yameshapita, si kitu, mama. Hivyo ndivyo watu wetu husema.

"Jovini nilijua atanidanganya," akasema. "Ni dalali, nilimpa nafasi yake ya kudanganya, nikaitoa kwenye hesabu. Ndiyo maana nilitaka kuongea na dereva. Katika watu wote waliokuwa kwenye ile simu, wewe ndiye pekee niliyekuuliza."

Akainuka, akaufunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Tukarudi.

Kiti kilifika kwa basi siku iliyofuata. Watu wa Murungu waliposikia kwamba Perpetua yuko mjini wakaanza kuja, kwa miguu, kwa pikipiki, wanawake wamebeba ndizi na maharage mabichi, mpaka ule uwanja wa nyumba ya wageni ukawa kama msiba wenye vicheko. Alifurahi. Nasema hivi ili nisiwe mwongo kwa upande wa pili. Lakini watu ni watu, na kaburi ni kaburi. Siku ya kumi nikawarudisha Kigoma. Njia nzima Bibi Perpetua alikuwa ananisimulia jinsi ya kulima karanga. Hakunilaumu. Sikujua kama Dafroza alikuwa amemwambia.

Uwanjani, wakati wanamwinua kumpandisha, alinivuta kitenge. "Mvua ikiisha," akasema, "nenda ukaniangalizie."

Niliuza Land Cruiser mwezi huo huo. Jovini bado anauza nyumba. Tukikutana ananiamkia, nami namwitikia, maana salamu si mali yake. Nyumba ile ipo, imefungwa, Dafroza hajaiuza na hajaja tena. Bibi Perpetua alifariki huko huko kabla mwaka haujageuka, wakamzika huko, kwenye ardhi ambayo nusu ya mwaka ni barafu. Mume wake yuko Murungu peke yake.

Ninyi mnaokaa stendi mkisubiri wateja wa ng'ambo, najua mnaniona bibi mwenye hasira. Nina hasira. Daraja lile linajulikana na diwani, linajulikana na dalali, linajulikana na kila mwenye punda, na mtu pekee asiyelijua ni yule aliyetoa jasho lake baridini ili anunue nyumba iliyo nyuma yake. Wanapokupigia simu hawakuulizi kama wewe ni hodari. Wanakuuliza mama yao atafikaje, akiugua atatokaje, na kama gari likiingia litarudi. Jibu hilo. Ukilijibu vizuri huenda dalali hatakuita tena. Usiitwe.

Nilikwenda kule mwezi wa sita wa mwaka ule ule, bibi angali hai, kama alivyoniagiza, mvua zilipokwisha. Sikukodi gari. Nilishuka kwenye basi barabara kuu nikatembea na haya magoti. Kaburi lilikuwa limezibwa na majani, nikapalilia kwa mkono, nikaweka mawe yake sawasawa. Msalaba wa mti ulikuwa mzima. Nikampigia simu palepale. Dafroza ndiye aliyepokea, akasikia sauti yangu, akampa mama yake.

Nikamweleza Bibi Perpetua jinsi palivyo, migomba iliyopo, ni nani amelima upande wa chini. Alikuwa anaitikia ndiyo kwa Kirundi, ego, ego.

"Umekwenda na gari?"

"Hapana mama. Kwa miguu, toka barabara kuu."

"Umetumia muda gani?"

"Saa tatu kasoro, mama. Na kuna pahala pawili pa kuteleza hata sasa hivi."

Nilisikia pumzi yake toka mbali huko.

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo," akaniambia.